Dole Gumba la Domisiana

Kwa miaka tisa Domisiana alikuwa bibi ustawi wa jamii katika hospitali ndogo wilayani Biharamulo. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia ndugu wagonjwa walioletwa peke yao. Pale mgonjwa hapasuliwi mpaka ndugu aweke dole gumba kwenye daftari, na aliyeweka dole ndiye apikaye uji na kumwogesha mgonjwa mpaka apone au azikwe.

Mwaka wa kwanza alimkosa ndugu wa mzee mmoja, akaweka dole lake mwenyewe. Lilikuwa jambo jema, na ndilo lililomponza. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyehangaika kutafuta ndugu wa mtu. Vita vya Kagera vilipowachukua vijana, daftari likajaa dole lake.

Asubuhi moja ya vita hivyo kikapu chake cha safari kilikuwa mlangoni mwa wodi. Mama yake alikuwa mahututi kijijini kwao Kasulo, na lori la pekee lililobaki katika njia hiyo lilikuwa linaondoka saa nne. Pancras, mganga msaidizi, akaja na daftari.

"Dada, mzee Bulugu aliyeletwa usiku, ngiri imemkaba, lazima apasuliwe. Wanawe wote wako mpakani. Weka dole, kama kawaida."

"Leo siweki."

"Atakufa."

"Na mama yangu je?"

Pancras aliliacha daftari wazi mbele yake. Domisiana hakuona huruma wala hasira. Mkono ulikuwa mzito tu, kama wa mtu aliyelima tangu alfajiri. Hata hivyo kidole kikaanza kuufuata wino, kwa mazoea.

"We mama, acha!" Alikuwa Nyamizi, aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha jirani na Bulugu. "Una uroho! Ndugu wote wa wilaya hii uwachukue peke yako?"

"Unamfahamu Bulugu?"

"Wewe ulikuwa unamfahamu nani? Sufuria ninayo. Kimbia, lori hilo linanguruma."

Nyamizi akaweka dole lake mwenyewe. Pancras akaandika kwenye safu ya undugu: dada.

Ndani ya lori Domisiana alilala juu ya magunia ya chumvi. Njia nzima ilipita asiione. Jioni alimkuta mama yake hai, jirani yao Bonifasia akimnywesha uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wagonjwa umemwachia nani?"

"Dada yangu."

Mama, aliyezaa binti mmoja tu, aliutazama uso ule uliosinyaa, asiulize zaidi. Domisiana akapokea bakuli. Bakuli likainama, uji ukamwagika kwenye mkeka. Bonifasia akamnyang'anya bakuli.

"Kaa chini, mwanangu. Leo kazi hii ni yangu."

Akakaa.