Nililaza baiskeli mstarini mbio zisianze: wanawake wa kata yetu na breki zetu

Wakuu, mnaostahili shikamoo ipokeeni, wengine mambo vipi.

Mimi humu huwa nasoma tu na kupita. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kichwa kimevimba kwa furaha na nyumbani wamechoka kunisikiliza. Ninayosimulia yamenitokea mwenyewe, sio chai. Anayetaka chai jukwaa la mapenzi liko pale.

Mimi ni mama wa mapacha, naishi Ushetu. Wazee wa PM kaeni kwa kutulia, nina mume na mikono yake ni ya kulima tumbaku.

Kazi yangu ni maziwa. Asubuhi nafunga madumu kwenye keria, napiga pedeli hadi senta, nauza, narudi. Nafanya hivyo tangu kabla ya kuolewa, kwa hiyo miguu ninayo.

Sasa kwa wasiopajua kwetu. Usukumani baiskeli ni usafiri, ni punda, na pia ni mchezo wenye heshima yake. Baada ya mavuno kunakuwa na mbio, watu wanajipanga barabarani kama siku ya mnada.

Wanaume wanakimbia masafa marefu. Sisi tunapewa mafupi, kutoka ghala la tumbaku hadi uwanja wa mnada, kwa baiskeli hizi hizi nyeusi nzito za kubebea mizigo. Mshindi anapewa mtamba. Kwa watu wa Dar, huyo ni ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Msije mkadhani ni aina ya kitenge.

Kuna desturi moja ya mbio hizi inaniudhi mpaka leo.

Siku moja kabla, baiskeli inavuliwa. Madgadi nje, keria nje, kengele nje, halafu na breki nje! Wanaamini breki zinakula spidi. Ukitaka kusimama unakanyaga tairi kwa soli ya kiatu na kumwomba Mungu. Ukija na breki zako unachekwa kama mtu aliyekuja na godoro.

Kwenye mbio za mwaka jana jirani yangu Mama Shija alishuka mteremko wa lambo, pale ng'ombe wanaponywea maji, hivyo hivyo, bila breki. Akakanyaga tairi, kandambili ikachomoka, akaruka na baiskeli yake. Akavunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Alikaa miezi hawezi hata kujifunga kanga bila kusaidiwa.

Kamati ya mbio ikakaa. Mwenyekiti wake, Mzee Ndaki, akatuita wanawake tunaokimbia.

"Wanangu, mwaka huu mtakimbia. Ila akivunjika mwingine hata mmoja, mbio za wanawake basi. Mimi siwezi kila mwaka kwenda kwa wakwe za watu kuomba radhi."

Wanaume wanaanguka kila mwaka na hakuna aliyewahi kukaa kikao. Lakini ndio hivyo, mwenye nyumba kasema.

Niliumia sana, sifichi. Zile mbio ndiyo siku pekee ambayo watu wa kata nzima wanaita jina langu na sio kwa sababu wanataka maziwa ya mkopo.

Basi nikawakusanya wenzangu. Nikawaambia tukubaliane jambo moja tu: mwaka huu hakuna wa kwetu kuanza bila breki. Walicheka kwanza. Nikawapeleka kwa Mama Shija, akafungua kanga akawaonyesha bega. Kicheko kikaisha.

Tukaanza trening kwenye mteremko ule ule wa lambo. Kwanza tuliutembea kwa miguu, tukiangalia kokoto ziko wapi na kona inaanzia wapi. Halafu tukashuka taratibu, mmoja mmoja.

Wengi wetu tulikuwa na breki lakini hatujui kuzitumia. Unabana zote mbili pamoja, kidogo kidogo, makalio unayarudisha nyuma ya siti. Ukibana ya mbele peke yake kwa pupa, utaruka juu ya usukani kama chura. Nilijifunza hili kwa goti langu, kovu lipo.

Tukafundishana na kupeana ishara. Wa mbele akiona hatari ananyoosha mkono juu na kupiga kelele "Simama!", na kila wa nyuma anairudia mpaka imfikie wa mwisho. Kanga na magauni ya kupepea tukayapiga marufuku maana cheni haina adabu, inakula nguo. Mama mkwe aliponiona na suruali alinyamaza siku nzima. Jioni akaniletea mkanda wa baba mkwe ili isinivuke.

Na kichwa je? Mwanzoni nilivaa kofia ngumu ya mume wangu aliyoitumia alipokuwa akichimba upande wa Bulyanhulu. Nikawa napita watoto wananiuliza nashuka duara lipi, yaani shimo lipi la dhahabu. Lakini kofia ile imetengenezwa kwa kitu kinachodondoka kutoka juu, ukianguka ubavu inatangulia yenyewe kuondoka. Tukatafuta helmeti za baiskeli kwenye mitumba ya Kahama, tukapata chache, nyingine tukaazima.

Kati yetu kulikuwa na Kabula. Huyu ni binti mdogo, kaolewa juzi juzi, na wakuu nawaambia yule mtoto ana mapafu ya maksai. Kwenye trening alikuwa ananiacha tambarare yote. Sehemu pekee niliyomweza ni mteremko, kwa sababu hapo nguvu hazisaidii, inataka akili na mkono mtulivu.

Sasa siku yenyewe.

Tumejipanga pale ghalani, jua linaanza kuuma, watu wamejaa, redio inapiga ngoma. Mimi nina tabia ya kukagua. Nikapita baiskeli moja moja nabana breki, kama ninavyobana madumu yangu ya maziwa kabla ya safari.

Nikafika kwa Kabula. Mkono wangu ukashika hewa.

Hakuna breki. Hata vyuma vyake havipo.

Nikamwangalia, akaangalia chini. "Masanja kazitoa jana," akasema. "Kasema kanipunguzia uzito."

Masanja ni mumewe, mchimbaji mdogo, alikuwa amerudi kutoka machimboni Geita mahsusi kumwona mkewe akishinda. Na alizitoa kwa mapenzi kabisa, hilo sitamnyima. Kwake yeye ilikuwa zawadi.

Wakuu, hapa nisimame kidogo.

Nilijua hesabu ilivyo. Kabula bila breki, mteremko ule, ama angeshuka polepole akikanyaga tairi nikampita, ama angeanguka nikampita. Kabula mwenye breki, tambarare ingemtosha kuniacha, na mtamba ningemsikia kwenye bomba. Moyo ulinishawishi, mimi ni binadamu. Mwenzangu mmoja hata alininong'oneza, "Mama Kulwa, mwache, kila mtu na mume wake."

Lakini nikamwona Mama Shija kwenye umati, bega moja liko chini kuliko lingine.

Nikalaza baiskeli yangu chini, katikati ya mstari wa kuanzia.

Mzee Ndaki akaja. "Mama Kulwa, nini tena? Jua linapanda."

"Shikamoo baba. Kuna mwenzetu hana breki. Hatuanzi."

"Marahaba. Sheria ya breki imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa baba. Lakini ulisema akivunjika mmoja tunafutwa wote. Basi sote tuna haki ya kukagua."

Nyuma yangu nikasikia chuma kinagusa udongo. Mwenzangu wa kwanza kalaza yake. Kisha mwingine. Hata yule aliyekuwa ananinong'oneza akalaza. Mwishowe baiskeli zote zikawa zimelala barabarani kama ng'ombe wanaocheua.

Watu wakaanza kuzomea. Masanja akapasua umati akaja na hasira zake. "Hiyo baiskeli nimenunua mimi! Breki ni za waoga, mke wangu sio mwoga!"

Nilikuwa nimejiandaa kumjibu, na mdomo ninao. Lakini Kabula alinitangulia. Alikuwa mpole siku zote, sijawahi kumsikia akipaza sauti.

"Masanja, rudisha breki zangu."

Kabula akamsogelea.

"Nimefundishwa kushuka na breki. Unataka nishinde au unataka nife? Rudisha."

Yule bwana aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaenda kwenye pikipiki yake. Kumbe vyuma alikuwa navyo kwenye begi la spana! Akapiga magoti mbele ya kata nzima akazifunga mwenyewe, jasho linamtoka. Nikaisukuma baiskeli nikabana, tairi likagoma. Safi.

Nikainua yangu. Tukaanza.

Kabula aliondoka kama kawaida yake. Mimi nikashika kundi la mbele, napumua kwa mpangilio, nakunywa maji kidogo kidogo. Hiyo nayo walikuwa wanatukataza, eti maji yanalegeza magoti. Yanayolegeza magoti ni kiu.

Tukafika mteremko wa lambo. Kabula yupo mbele, vumbi lake tunalila sisi. Akaingia ile kona.

Nikaona mkono wake umeenda juu. "Simamaaa!"

Ng'ombe. Kundi zima linavuka barabara kwenda kunywa maji. Ng'ombe hawana ratiba ya mbio, na mchungaji wao alikuwa upande wa pili anapiga mluzi.

Nikapokea, "Simama!", wa nyuma akapokea. Nikarudisha makalio, nikabana zote mbili kidogo kidogo, kokoto zinalia chini ya tairi. Mkia wa baiskeli ya Kabula uliyumba. Akaushika. Akasimama, mguu chini, tairi la mbele karibu liguse mbavu za dume moja kubwa lenye pembe. Lile dume lilimtazama, likaendelea na safari yake.

Wote tulisimama. Hakuna aliyemgonga mwenzake. Tulikaa pale tunahema, tunaangalia ng'ombe wanapita, halafu sijui nani alianza, tukacheka mpaka machozi.

Njia ilipofunguka Kabula akapaa. Tambarare ile mimi nani nimfuate? Alishinda kwa mbali. Mimi nilikuwa wa pili.

Pale uwanjani Mzee Ndaki hakumshangilia mshindi kwanza. Alisimama kwenye kamba ya kumalizia anatuangalia tukiingia, mmoja mmoja, midomo inahesabu. Alipoingia wa mwisho, ndipo Mama Shija, aliyekuwa ameletwa kwa pikipiki kutoka ghalani, akamshika mzee mkono akamuuliza, "Wamefika wote?"

"Wote," akasema mzee. "Wabeja sana, asanteni wanangu." Na akatangaza hapo hapo kwenye spika kuwa mbio za wanawake zipo mwakani.

Mama Shija alilia. Na mimi nililia, tusidanganyane.

Masanja alipokabidhiwa kamba ya mtamba kumshikia mkewe, vijana wakamzomea, "Masanja, huyo naye ana breki?" Alicheka, ila masikio yalikuwa mekundu, na kwa mtu mweusi vile si jambo dogo.

Nilichojifunza ni kwamba ujasiri wa mchezo sio kuvua kinachokulinda. Nguvu Kabula alizaliwa nazo, lakini kusimama alifundishwa, na alichofundishwa ndicho kilichomfikisha kwenye ng'ombe wake. Kama una timu ya mpira, ya netiboli, ya kukimbia, kagueni vifaa vyenu na mfanyie mazoezi hatari yenyewe kabla haijaja. Na ukiona mwenzako anaanza vibaya, usianze.

Mnaocheza michezo huko kwenu, mila gani za kijinga mmezikuta na mlizivunjaje? Na mnaotaka kuniambia breki zinakula spidi, karibuni, nipo nawasubiri.

Nimekuwa wa pili, wakuu. Kama ningenyamaza pale mstarini, huenda mtamba yule leo angekuwa zizini kwangu. Yuko kwa Kabula. Jana nimepita kwake na maziwa, nimemwona anakula majani, na Kabula yuko pembeni anamkatia, mikono yote miwili mizima.