Maji ya Alhamisi Kule Suji

Kazi yangu mjini Tanga ilikuwa kuwatembeza wageni. Niliwapokea stesheni au bandarini, nikawapitisha mbele ya boma la Wajerumani, kwenye makaburi ya zamani na nyumba zenye baraza za mbao, kisha tukamalizia kwenye mapango ya Amboni. Njia nzima nilikuwa nazungumza. Nilizungumza hata pale nisipojua kitu, na wageni waliondoka wameridhika. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyetumwa Upareni.

Sababu ya kutumwa ilikuwa hii. Siku hizo kila ofisi ilikuwa inazungumza habari za Ujamaa, na mkuu wangu alipata taarifa kwamba ujumbe wa wageni kutoka nchi rafiki ungefika baada ya miezi michache. "Hawa hawataki magofu," aliniambia. "Wanataka kuona jinsi watu wetu walivyofanya kazi pamoja tangu zamani. Nenda milima ya Upare. Kule wana mabwawa ya maji waliyoyachimba mababu zao, na mpaka leo wanagawana maji kwa zamu. Kawapangie wageni matembezi. Uandike wataanzia wapi, wataona nini, saa ngapi." Nikafurahi mno, kwa kuwa ilisemekana atakayepanga matembezi hayo ndiye atakayeyasimamia.

Jioni ya Jumamosi nilipanda treni ya kwenda Moshi. Asubuhi tulikuwa tunapita chini ya milima, mkonge umejipanga kulia na kushoto mpaka macho yakachoka. Wakata mkonge wa kila kabila walikuwa wamekaa kwenye vituo vidogo na mafurushi yao, nikasikia Kinyamwezi, Kiha na Kimakonde kabla sijasikia neno moja la Chasu, yaani Kipare chenyewe. Nilishuka Same saa tatu. Mji ulikuwa mkavu na una upepo wa vumbi. Sokoni nikanunua perege wakavu kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu kwa ajili ya mwenyeji wangu, kwani mama yangu hakunifundisha kwenda kwa watu mikono mitupu.

Kesho yake, baada ya kuonyesha barua yangu ofisini, nilirudi kwa lori la mkaa mpaka Makanya, kituo tulichokipita na treni, kisha nikaanza kupanda kwa miguu. Watu wa huko wanapanda mlima ule wakiwa na magunia kichwani na wanapiga soga. Mimi nilipanda na begi dogo, na kila nilipokutana na mama mwenye mzigo aliniuliza kama naumwa. Nilifika kijiji cha Suji jua linakaribia kuzama, miguu inatetemeka. Lakini nilipogeuka kutazama chini, nikaona tambarare yote mpaka mwisho wa macho, nikaanza palepale kutunga nitakavyowaambia wageni.

Mwenyeji niliyepangiwa alikuwa Mama Nakiete, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mke wa balozi wa nyumba kumi. Mumewe hakuwapo. Alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la mkonge huko chini Makanya, anarudi mara moja kwa mwezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na mlima. Wewe ndiye wa kututangaza?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi kula kwanza. Huwezi kututangaza na njaa."

Alinipa makande, mahindi na maharage yaliyopikwa mpaka yakalainika, na siku zote nilizokaa kwake ndicho chakula tulichokula, mara na samaki wangu, mara bila. Sikumsikia akilalamika.

Asubuhi ya Jumanne alinionyesha shamba lake. Lilikuwa vipande vitatu kwenye mteremko, kimoja chini ya kingine, kila kimoja kimekingwa kwa ukuta wa mawe. Kipande cha juu kilikuwa kidogo, cha nyumba mbili tu kwa upana. Vile viwili vya chini ndivyo vilivyobeba chakula cha nyumba. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele na ndiyo kwanza yanaanza kushika. Mvua ilikuwa imekatika mapema mwaka ule.

"Haya yanataka maji mara moja tu," alisema, akalishika jani moja kwa vidole viwili. "Zamu yangu ni Alhamisi hii. Yakinywa Alhamisi, tumekula mpaka mwaka ujao. Yasipokunywa, baba Nakiete atakuwa anatulisha kwa posho ya mkonge, na hiyo haimtoshi hata yeye."

Nilimsikia vizuri. Niliandika hata kwenye daftari: zamu, Alhamisi. Niliandika kwa sababu neno lile lingependeza mbele ya wageni.

Jumatano mchana tukaenda kwenye bwawa lenyewe. Wapare huliita ndiva. Ni shimo pana lililozungushiwa ukuta wa mawe na udongo, mfereji unaingiza maji kutoka kijito cha juu, na upande wa chini kuna tundu lililozibwa kwa gogo na udongo mzito. Wakati wa kiangazi maji huchukua siku kadhaa kujaa, asubuhi ya zamu gogo linatolewa, na mwenye zamu anakuwa shambani tayari na jembe kuyapokea. Msimamizi wa ndiva alikuwa Mzee Mbonea, mtu mfupi, mkali, mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye hakupenda maswali yangu. Wanaume sita saba walikuwa wamekaa pembeni wakinisikiliza nikieleza habari za bwawa lao.

Nilizunguka ukuta nikihesabu hatua. Nikapanga wageni wasimame wapi. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kimoja: ndiva imefungwa haina la kutazama. Ni maji yametulia, basi. Mgeni aliyepanda mlima ule wote atauliza, ndiyo haya?

"Mzee," nikasema, "wageni watataka kuona ndiva ikifunguliwa. Sasa mimi lazima nijue inachukua dakika ngapi, niandike. Tungeweza kufungua kidogo?"

Mzee Mbonea alimtazama Mama Nakiete. Wale wanaume nao wakamtazama. Mama Nakiete alikuwa amesimama nyuma yangu, amejifunga khanga kiunoni. Alisema maneno machache kwa Chasu, polepole, huku anatikisa kichwa kukubali. Mzee Mbonea akamjibu neno moja tu, akashuka kwenye tundu.

Gogo lilipotoka, maji yalitoka kwa kishindo ambacho sikukitarajia. Yalijaa mfereji, yakaruka, yakashuka mteremkoni yanameta na jua. Nilipiga makofi. Nilitazama saa yangu nikaandika. Baadaye nikasema, "Inatosha, mzee, funga tu," naye akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Haifungwi ikiwa inakimbia," alisema. "Ikishafunguliwa, imefunguliwa."

Tukasimama mpaka ndiva ikabaki tope. Chini hakukuwa na mtu wa kuyapokea maji, kwa kuwa saa zile si saa za zamu wala mifereji ya mashambani haikuwa imefunguliwa, yakaishia korongoni. Hata hapo, wasomaji wangu, sikushtuka. Mimi ni mtu wa pwani. Nilidhani kwamba maji yakitoka, mengine yanakuja.

Alhamisi asubuhi niliamka nikakuta nyumba kimya. Nilimfuata Mama Nakiete shambani. Alikuwa amesimama juu ya kipande cha kwanza na jembe lake, maji yanakuja kwenye mfereji hafifu, upana wa kiganja. Kijito cha kiangazi hakikuweza kujaza ndiva kwa nusu siku na usiku mmoja. Aliyaongoza kwa jembe kwa uangalifu mkubwa, hatua kwa hatua, akaziba hapa, akafungua pale. Kipande cha juu kililowa. Maji yakafika ukingo wa cha pili, yakaloweza mistari miwili, yakaisha.

Ndipo nikaelewa. Nilihisi aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Mama, maji ya jana yalikuwa yako."

"Yalikuwa yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungependa niseme nini mbele ya wanaume wa Suji? Kwamba mgeni wangu, anayelala kwangu, ameomba kitu nimemnyima?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Mzee Mbonea aliniuliza kwa macho kama nakubali. Nikakubali. Sasa niache nimalizie mistari hii."

Zamu yake nyingine ilikuwa baada ya siku tisa. Nilimwuliza kama mahindi yangevumilia. Alitazama juu, mbingu imesafishwa kabisa, akasema labda.

Jumamosi baragumu lililia alfajiri kuita msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima. Kwa kuwa ndiva ilikuwa bado na maji machache juu ya tope, Mzee Mbonea aliona ni wakati wa kuizoa kabla haijajaa. Kila nyumba ilitoa mtu. Mimi nilitoka kwa niaba ya nyumba ya Mama Nakiete, nikavua viatu nikaingia. Tangu asubuhi mpaka saa saba nilibeba tope kwa karai, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifanya kazi bila kuzungumza. Vijana walinicheka kidogo nilipoteleza, kisha wakanionyesha namna ya kukanyaga.

Tulipopumzika nilisimama mbele ya watu wote. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, kama kawaida yangu. Nikasema kosa ni langu, si la Mama Nakiete, nikaomba kila mwenye zamu wiki ile ampunguzie sehemu ndogo tu ya maji yake, ili vipande vya chini visife.

Niliwaona watu wakitazama mikono yao. Mzee Mbonea akainuka.

"Ndugu mgeni," alisema, "ukituomba chakula tutakupa. Ukituomba watu wa kukusaidia mzigo tutakupa. Zamu ya mtu haiombwi mbele ya watu, maana mbele ya watu hakuna anayeweza kukataa. Ndivyo ulivyoipata ya huyu mama. Unataka kuwafanyia hivyo na wengine? Huyu naye ana mahindi. Yule naye ana watoto."

Nikakaa. Nilidhani naomba msamaha, kumbe nilikuwa narudia kosa lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Mama Nakiete alikuwa ameinamisha uso, na najua aliona haya kwa ajili yangu.

Siku zilizofuata niliendelea na kazi niliyotumwa. Nilitembelea kanisa la misheni na soko la Jumanne. Nilisimama mbali na msitu wa matambiko ambao hauingiwi ovyo, na safari hii sikuomba kuingia. Kila jioni nilipita shambani. Mahindi ya chini yalianza kujikunja majani mchana na kukunjuka usiku, kisha yakaacha kukunjuka. Mbelewele zilikauka zikawa nyeupe. Siku ya zamu ilipofika maji yalikuja mengi, Mama Nakiete akayaelekeza yote kwenye kipande cha juu, ambacho bado kilikuwa kijani. Kesho yake akachukua mundu, akaanza kuyakata yale ya chini kuwa malisho ya mbuzi. Nilimsaidia kubeba matita. Njiani aliniambia nishike tita kwa chini, lisifumuke.

Asubuhi ya kuondoka alinifungia viazi vya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akanipa na ujumbe.

"Ukipita Makanya mwone baba Nakiete. Mwambie mahindi ya chini yameshindwa, aanze kutafuta chakula huko huko. Usimwambie zaidi ya hapo."

Makanya nilimkuta kwenye kambi ya wakata mkonge, mtu mrefu, mikono imejaa makovu ya miiba. Nilimpa ujumbe kama nilivyopewa. Akauliza, "Kwani zamu yetu haikufika?" Nilikuwa nimeagizwa kunyamaza, lakini sikuweza kumwacha amlaumu mkewe wala Mzee Mbonea. Nikamweleza yote, nimesimama.

Alikaa kwenye gogo. Akasugua mikono yake kwa muda. "Mwaka mzima," alisema. Halafu akaniuliza, "Lakini maji, ulipoyatazama, yalikuwa mazuri?"

"Yalikuwa mazuri sana, mzee."

"Basi." Akainuka kurudi kazini. Sikujua ananisamehe au ananiadhibu, na mpaka leo sijui. Nilipanda treni ya Tanga siku hiyohiyo, na kwa safari ile yote sikumwongelesha abiria yeyote.

Nilichojifunza Upareni ni kidogo, na nilikijua kwa gharama ya mtu mwingine. Mgeni ana nguvu kuliko anavyodhani. Anaomba kitu kwa tabasamu, mwenyeji anatoa kwa tabasamu, na mgeni anaondoka akisifu ukarimu bila kujua kilichotolewa kilikuwa nini. Miaka yote niliyowatembeza watu Tanga, sijui ni milango mingapi nilifunguliwa kwa namna hiyo.

Wiki iliyofuata nilimpelekea mkuu wangu mpango niliouandika. Aliusoma wote, akapendezwa na njia ya kupanda na habari za msaragambo. Kisha akaweka kidole mahali fulani.

"Hapa kwenye ndiva hujaandika saa ya kufungua."

"Haifunguliwi kwa ajili ya wageni, ndugu."

"Lakini hiyo ndiyo shabaha ya safari nzima! Watu watoke mbali, wapande mlima mpaka juu, halafu waone nini?"

"Wataiona ikiwa imefungwa."

"Nikikataa mpango huu nitampa mtu mwingine ayasimamie matembezi. Unalijua hilo?"

"Nalijua," nikasema. "Naye mwambie wageni waione ikiwa imefungwa."