Kuku Wenye Wazazi Watatu

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya Januari, saa moja na nusu asubuhi, giza la Landani likiwa bado limejibandika dirishani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Jikoni kulinuka chai ya tangawizi na manyoya mabichi, kwa sababu Baba alikuwa ameingia na kuku kwapani, yule mwekundu niliyemwita Shangazi, akimpimapima uzito kama mtu anayechagua nanasi sokoni. "Mama Neema, huyu amekuwa mzito kweli," alisema. "Toka Novemba hajaangusha yai hata moja, wala wenzake. Jumuiya ikija kusali kwetu mwisho wa mwezi, tunawala wote." Mama ndiyo kwanza alikuwa anatoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Alivua viatu, akajikanda nyayo, akasema, "Kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui." Wakacheka wote wawili. Mimi nilisukuma bakuli langu la uji kando.

Kuku wenyewe walikuwa watatu. Aliyepanga kabla yetu ile nyumba ya mtaa wa Neasden alituachia pamoja na banda lao la mbao pale uani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema; hawa hawakuwa na kamba, aliyefungwa nilikuwa mimi. Nilikuwa mtoto wa haya kupita kiasi. Kiswahili nilikielewa chote, lakini nilijibu kwa Kiingereza, tena neno moja moja, maana binamu zangu wa Songea walishanicheka kwenye simu na sikutaka kuchekwa tena. Uani hakukuwa na wa kunicheka. Kule niliongea mpaka koo likauma. Niliwasimulia kuku habari za shule, na wakisukumana niliwafokea, "Tulieni! Shangazi, zamu yako bado!" Kiswahili changu chote cha mdomoni kilikuwa cha kuku.

Basi niliposikia wanataka kuliwa, nikaamua kuwaokoa kwa akili yangu. Ardhi ilikuwa imekauka kwa baridi, ngumu kama sahani, nyasi zimelala, minyoo imezama chini. Nikasema kinachowazuia kutaga ni njaa tu. Kila nikitoka shule nilichota mahindi makavu kwenye kopo la Baba, nikawamwagia bila mtu kujua, nikarudi ndani moyo mweupe. Baada ya siku nne, Bibi Kanta akaniita juu ya uzio. Huyu alikuwa jirani yetu, bibi wa Kihindi mzaliwa wa Mwanza, sari chini na sweta la mumewe juu, mtu wa hekaluni kila asubuhi, asiyegusa nyama wala yai.

"Neema, umewapa nini?"

"Mahindi," nilinong'ona.

"Baba yako kawapa mahindi alfajiri, kabla hajaenda kwenye basi lake. Mama yako kawapa aliporudi kazini. Sasa na wewe. Dirisha langu linaona yote. Kuku wenu hawana njaa, mtoto. Wana wazazi watatu."

Nilisimama pale masikio yakiniwaka. Haba na haba hujaza kibaba, na chetu kilishafurika: kuku walikuwa wamejaa mafuta tumboni, hata kutaga kukawashinda. Zamu zetu za kazi na shule hazikukutana, hivyo kila mmoja alidhani mwenye huruma ni yeye peke yake. Nilimwuliza Bibi Kanta kwa nini anahangaika na kuku ambao mayai yao yeye hayali. Akajibu, "Sipendi kuona kiumbe kinachinjwa kwa kosa la kupendwa."

Ndiyo maana majira yale ya baridi, kwangu, yana harufu ya choroko. Alinifundisha kuziloweka usiku kucha, kuzichuja, kuzifunga kwenye kitambaa chenye unyevu na kuziweka karibu na hita mpaka zitoe mikia myeupe. Nilifanya hivyo chumbani kwangu, kwa sababu alinionya kwamba nchi hii hairuhusu kuku kulishwa vilivyopita jikoni. Chumba kizima kilinuka kama maganda ya njegere mbichi, hata sweta langu la shule. Chakula chao cha dukani, kile cha kuku wa mayai, kilibaki ndicho mlo wenyewe. Juu yake niliongeza choroko kidogo, maganda ya chaza yaliyosagwa, na kabichi nzima niliyoining'iniza kwa kamba ili waidonoe huku wakiruka na kupata joto. Mahindi yalibaki konzi moja jioni, kwa wote watatu.

Kazi ikawa kuwazuia wazazi wangu. Kusema sikuweza, nikaandika karatasi, WAMESHAKULA, nikaibandika kwenye kopo. Jioni moja, wiki ya mwisho kabla ya jumuiya, Baba aliisoma, akaibandua taratibu. "Karatasi haina mdomo," alisema. "Mwenye neno aje aseme." Akashika kopo, akaelekea mlango wa uani. Mama naye alikuwa anainuka kumfuata. Nikahisi choroko zangu zote zinapotea bure, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Tulieni! Mmewanenepesha nyinyi! Zamu yenu bado!"

Ilitoka kwa sauti ile ile ya bandani, kwa kuwa nyingine sikuwa nayo. Baba aliweka kopo chini polepole. "Mama Neema," alisema, "tunaambiwa tutulie." Mama akaficha uso kwenye kitenge, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nikaomba kuku wapewe muda mpaka mwisho wa Februari. Nililiomba lile kwa Kiswahili pia.

Jumuiya ilikula wali na maharage. Mgeni mmoja alipouliza, "Tulisikia kuna kuku?" Baba alijibu, "Wapo. Ila wana msemaji wao." Yai la kwanza lilipatikana wiki ya pili ya Februari, dogo, la kahawia, bado la moto. Baadaye mwalimu wa sayansi alituambia kuku hufuata mwanga, na siku zilikuwa zinarefuka. Sibishi. Lakini najua mikono yangu ilinuka nini.

Sasa nina miaka kumi na saba. Darasani bado nainama nikiitwa. Shangazi alikufa kwa uzee wake, usingizini. Wale wawili waliobaki hutaga wakijisikia, na neno kitoweo halitajwi. Binamu zangu bado wananicheka, wanasema naongea kama nafukuza kuku, na mimi huendelea kuongea. Ila ninachojivunia zaidi si yai. Ni asubuhi iliyofuata siku ile niliyowafokea Baba na Mama. Niliamka kabla ya kengele ya simu, nikagonga mlango wa wazazi wangu, nikamwambia Baba twende wote. Alitoka na koti lake la udereva, mvuke ukimtoka mdomoni, nikamkabidhi kitambaa cha choroko.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Konzi moja."

"Moja tu?"

"Moja tu, Baba."

Akapima konzi moja, akanionyesha kwanza, ndipo akamwaga.