Mwito Ambao Hatukuujibu

Nilipokuwa mtoto mwenye masikio marefu kuliko adabu, kwetu Aroi, nje kidogo ya mji wa Arua, nilimtambua kila mwanamume wa upande wetu kabla hajafika. Nani katoka kunywa, nani katoka kuwinda, nani katoka kwa mwanamke asiye wake, yote niliyajua nikiwa nimekaa jikoni, kwa sababu ya cere. Cere ni mwito wa mwanamume. Kila mmoja ana wake, anautunga mwenyewe ujanani, na anautoa kwa sauti nyembamba ya juu akiwa bado mbali, ili walio nyumbani wajue ni yeye na wamwitikie. Na haukopeshwi. Mwanamume mwingine hauiti. Mwanamke ndiyo usiseme.

Baba mdogo Ezati, ndugu yake marehemu baba, alikuwa askari. Mwito wake ulianza chini, ukapanda, ukavunjika katikati kama jogoo anayejifunza, halafu yakaja maneno: "Wamenikataa, na nimenenepa!" Alikuwa amekataliwa posa kule Koboko. Wazazi wa binti walisema ni mwembamba mno, hatadumu. Binti mwenyewe alilia wiki nzima. Sikuambiwa hayo, niliyasikia nyuma ya ukuta.

Dede, ndivyo tunavyomwita bibi, alituonya. Ukiita mwito wa mtu aliye hai, alisema, umempokonya. Siku akiita mwenyewe, sauti itatoka mdomoni mwake lakini nyumbani kwake haitafika. Nikamuuliza itakwenda wapi. Akaniambia nichambue maharage.

Mwaka 1979 serikali ilianguka huko Kampala, na askari wa kwetu wakaanza kurudi, wengine kwa lori, wengine kwa miguu, wakielekea Koboko ili wavuke kwenda Sudan. Baba mdogo hakuonekana. Dede aliacha kula vizuri. Kila alasiri alihamishia kigoda chake ukingoni mwa uwanja, akakitegea sikio kilima cha ng'ambo ya kijito.

Sasa niseme upuuzi wangu. Alasiri moja nilitumwa maji. Kijitoni hapakuwa na mtu. Nilitazama huku, nikatazama kule, nikajiambia kwamba mwito usiosikiwa na mtu si mwito, ni pumzi tu. Nikauita. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na sauti yangu ilikaa palepale pa baba mdogo, hata pale panapovunjika. Sitadanganya, nilijisikia vizuri sana.

Mara nikasikia vigelegele. Dede alikuwa shambani juu ya mteremko, mimi sikujua. Alishuka akikimbia, yeye ambaye kwa goti lake bovu alikuwa hainuki kwenye kigoda mpaka ashikwe mkono. Nikajitupa kwenye matete. Alipita hatua tano kutoka nilipolala, akimwita mwanawe jina lake, akimbembeleza atokee, hakuna wa kumuogopa. Alizunguka mpaka akachoka. Kisha akasimama, nami nikauona uso wake unavyobadilika.

Aliporudi alimwambia mama yangu kwamba kule kijitoni kuna kitu kimevaa sauti ya mtoto wake. Kikiita tena, asijibu mtu. Ukikijibu umekikaribisha ndani.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini mama alikuwa mwepesi wa fimbo, na Dede niliogopa hata kumkaribia. Nikasema nitasema kesho. Kesho nikasema kesho.

Siku ya tatu, jua likiwa bado kali, tulikuwa watatu uwanjani tukifunga vitu vyetu, maana majirani walishaanza kuvukia Zaire. Mwito ukaja kutoka kilimani. Ukaanza chini, ukapanda, ukavunjika.

Mama akaachia kamba. "Mama," akamwambia mkwewe, "huyo iko Ezati."

"Hapana yeye. Ile kitu imerudi. Nyamaza."

Ukaja wa pili. Katika dunia nzima mimi peke yangu nilijua kwamba kijitoni hakukuwahi kuwa na kitu, kwa sababu hicho kitu kilikuwa hapo hapo kinafunga sufuria. Maneno machache tu yalitosha: ni mimi niliita juzi. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikawaza viboko, nikawaza jinsi Dede atakavyonitazama. Ukaja wa tatu, mfupi, maneno yake ya mwisho hayakumalizwa. Dede alikuwa ameziba masikio kwa viganja, machozi yanamtiririka mpaka kwenye viwiko. Kisha tukasikia lori kule barabarani likiondoka.

Tulivuka Zaire asubuhi iliyofuata. Dede alifia huko mwaka wa tatu, akijisifu kwa kila mtu kwamba yeye hakudanganyika. Kila jioni nilimwosha miguu. Kila jioni nilikuwa na nafasi.

Baba mdogo alirudi kutoka Sudan miaka ya themanini ikielekea kwisha. Akajenga Koboko, akamwoa yule yule binti aliyemkosa, sasa mjane mwenye watoto wanne, na soko lote likapata cha kusema. Mimi nilikuwa nimeolewa Oli, pembeni mwa Arua. Nilikwenda kumsalimu. Mkewe alipoingia jikoni, baba mdogo akaniuliza.

"Candiru, siku ile mulikuwa mumeshaenda?"

"Siku gani, baba?"

"Niliita pale kilimani, mara tatu. Dreva alinipa dakika kidogo tu. Na kama nyumba haijibu, wakati ile, askari hawezi kushuka. Hujui nani iko ndani."

Nilitazama mkeka. "Tulikuwa tumeshaenda," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Basi niliita nyumba tupu. Mimi nilidhani mudomo yangu ilikuwa mbaya. Ile ya tatu niliharibu, nilikuwa nalia."

Siku hizi wajukuu wangu wanabishana, walileta swali hilo kutoka shule: redio ikiachwa inaimba ndani ya nyumba iliyofungwa na watu wote wameondoka, kuna sauti au hakuna? Wanapiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Waniulize mimi. Mimi nimesikia sauti ikiingia katika masikio ya watu watatu, ikajulikana ni ya nani, na bado mwenyewe akaishi akiamini haikumfikia mtu. Dede alisema haitafika. Sauti ilifika. Ni sisi tuliofanya isifike, na kati yetu ni mmoja tu aliyejua anachofanya.

Najiambia nilimsitiri. Ukimwambia mtu kwamba mama yake alimsikia akaziba masikio, umempa nini? Najiambia hivyo, halafu nakumbuka kwamba nilipotazama ule mkeka sikuwa nikimfikiria yeye.

Baba mdogo aliishi Koboko miaka mingine kumi na moja. Mkewe aliniuliza siku moja, kwa kunong'ona kama watu wa umbea tunavyonong'onezana, kwa nini mume wake akirudi nyumbani haiti kama wanaume wengine, anatokea tu mlangoni kimya kama mgeni. Habari za watu huwa sizikalii, Oli nzima inanijua kwa hilo. Nikamjibu kwamba labda ni uzee, nikamwomba chumvi.