Ufito wa Bwana Kipenyo

Wachimba visima wenzake walimwita Bwana Kipenyo, na baba alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Kabla ya kupiga sururu alichomeka kigingi, akafunga kamba, akaizungusha mpaka duara likakamilika. Kisha alikata ufito wa urefu sawasawa na upana wa kisima, ukipita kwenye kitovu. Kila jioni, akishapanda, tuliuteremsha ukiwa umelala, kwa kamba mbili. Ukizunguka bila kukwama, ukuta uko salama. Hiyo ndiyo shule aliyonipa mimi, binti yake wa kuzungusha roda, gurudumu la kamba ya kumshusha na kumpandisha, na nilimwamini kupita kiasi.

Kwenye kisima hiki ufito ulikwama siku ya tisa. “Mti umelowa, umevimba,” alisema, akachukua msumeno, akaupunguza kwa upana wa vidole viwili. Ukapita. Siku ya kumi ukakwama tena, akapunguza tena. Nani amfundishe Bwana Kipenyo?

Leo asubuhi, yeye akiwa tayari chini anachimba, niliulaza ufito juu ya mdomo wa kisima, palipojengwa matofali siku ya kwanza. Ncha moja ikagusa ukingo, ufito ukapita juu ya kitovu, ncha ya pili ikabaki hewani. Ili uguse pande zote mbili ilibidi niusogeze kando, mbali na kitovu, ambako mstari wa kukatiza duara ni mfupi. Kama ungekuwa umevimba kweli, baada ya kukatwa ungeenea sawasawa. Mti haurefuki kwa maji, hata mimi najua. Ukuta ndio uliokuwa ukisogea ndani.

“Baba, panda juu!”

“Bado ndoo tatu, mama. Una haraka ya kwenda wapi?”

“Ukuta unakuja! Ufito ulikuwa mzima, umeukata bure.”

Akacheka. “Haya, ushushe basi, nikuonyeshe.”

Nikaushusha. Ulikwama juu ya kichwa chake, na ufupi wake wote ule, na udongo ukaanza kumdondokea mabegani. Kicheko kikakatika.

“Vuta ufito. Shusha kamba. Usipige kelele, mwanangu.”

Sijawahi kumsikia akiongea kwa upole namna ile, na ndipo nilipoogopa kweli. Akajifunga kiunoni, nikazungusha roda kwa nguvu zangu zote. Uzito wake naujua, nimempandisha kila jioni kwa miaka sita. Alipanda kama hatua tatu. Kisha chini kukanguruma, vumbi likanijaa usoni, na kamba ikawa nzito kuliko baba.