Gari Jipya la Kumpeleka Baba Kaisho

Baba yangu alikataa katakata gari langu jipya lilale uani. Alisema uani kila mpita njia atalikodolea macho, na jua litalichubua rangi. Akaniamuru niliingize kibanjani, katikati ya migomba, na kabla sijaliingiza akatandaza majani makavu ya migomba mahali pa kuegesha. Kwetu Bweranyange mgeni wa heshima hutandikiwa majani mabichi, lakini mzee aliona gari linastahili yale makavu anayofunikia mashina ya migomba yake, tena kwa unene uleule. Nikacheka, nikaegesha. Likakaa hapo muda wote wa likizo yangu, na kumbe oili ya gia boksi ilikuwa inadondoka tone kwa tone, majani yanainywa yote. Lingelala uani, tunapofagia kila asubuhi, ningeliona doa.

Kisha ikaja simu kutoka Kaisho. Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyembeba baba mgongoni baada ya mama yao kufariki, ametutoka, na anazikwa kesho yake mchana. Baba hakulia. Alisema jambo moja tu, kwamba atatupa udongo kwenye kaburi la dada yake kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, gari tunalo.

Tulitoka mapema. Baba alivaa koti lake la kanisani, nailoni za viti zikawa zinamlia chini kila akijitikisa, maana nilikuwa sijazibandua. Tulishaingia Kyerwa, tunapanda mlima, gari likaanza kusitasita. Nikakanyaga mafuta. Injini ikanguruma vizuri kabisa, gari likabaki palepale, halafu likaanza kurudi nyuma taratibu. Nikavuta breki ya mkono. Dashibodi haikuwa imewasha taa hata moja ya kunionya, na redio iliendelea kuimba. Jamani, gari zima linafanya kazi isipokuwa kwenda.

"Mama, tumefika?" baba akauliza. Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Bado, baba. Kuna kitu naangalia."

Nilichungulia chini. Uvungu wote ulikuwa umelowa oili nyekundu, na vipande vya majani ya migomba vimeganda humo. Mwendesha bodaboda mmoja akaenda kuniletea fundi kutoka senta ya jirani. Fundi alimwamkia baba shikamoo, akaingia uvunguni, akatoka akijifuta mikono.

"Dada, sili, ule mpira unaozuia oili, imekatika na oili imekwisha. Hii otomatiki, haitaki oili ya kubahatisha. Hiyo yake labda Bukoba."

"Tukilisukuma?"

"Utalisukuma mpaka Kaisho?"

Nilitaka kumtukana, lakini kosa lake lilikuwa lipi? Bodaboda alijitolea kumbeba mzee, na baba akajaribu, akashindwa kupandisha mguu, kwa sababu nyonga yake ilivunjika zamani na haijawahi kupona sawasawa. Tulipojaribu kumwinua aliguna mpaka nikasema basi, mwacheni. Ilikuwa siku ya gulio, kwa hiyo magari madogo ya abiria yalipita yameshona, watu hadi kwenye buti. Nikampigia binamu yangu kule msibani, akasema anatuma gari.

Tukangoja. Baba alikaa ndani, mikono magotini. Nilimpa maji, akayashika tu. Nilimwomba Mungu, nikalaani waliotengeneza lile gari, nikarudi kumwomba Mungu. Upande wa Kaisho mawingu yalikuwa yameshuka.

Simu ikaita. Binamu alikuwa anapiga kelele kuishinda mvua. Gari alilolituma limekwama kwenye matope, na kaburi limeanza kujaa maji. Padri anauliza wafanyeje. Nikampa baba simu.

Alisikiliza. "Mzikeni," akasema, akanirudishia simu.

Kisha akafungua mlango, akashuka mwenyewe, taratibu. Akainama kando ya barabara kwa shida, akachota udongo kiganjani. Akaniuliza Kaisho iko upande gani. Nikamwonyesha, ingawa yeye aliijua njia ile kabla sijazaliwa. Akautupa udongo upande huo, akasema maneno kwa Kinyambo, ya chini, na sikuyasikia yote. Nililisikia jina alilokuwa akimwita dada yake utotoni. Fundi na bodaboda wakavua kofia.

Akajifuta mkono kwenye koti, akarudi kwenye kiti chake, akafunga mlango, akauvuta mkanda na kuufunga kama nilivyomfundisha asubuhi ile.

"Haya mama," akasema, anaangalia mbele. "Nirudishe nyumbani."

Nikaingia, nikakaa nyuma ya usukani, nikaushika kwa mikono miwili.