Vijiti vya Mukubwa Wangu

Kamyo, lori ya machimbo ya bati, ilisimama kwenye barabara ya Mpofi, dreva akashuka na viatu vya mukubwa wangu, kaka yangu, mukononi. Viatu tu. Vilikuwa vinang'aa, vimepakwa rangi asubuhi ileile, maana hakushuka navyo ndani ya shimo. Mimi na mama tulikuwa tumeshuka kutoka Kashuga kumungojea, alituahidi kuja likizo. Tulikuwa na maharagi ya kupikwa na kasiksi, pombe ya ndizi, ndani ya kibuyu. Mama alipokea vile viatu kwa mikono yote miwili, kama vile wanapokea mutoto muchanga, kisha akakaa palepale kwenye matope.

"Pole, mama," dreva akasema. "Shimo lilianguka. Wangali wanachimba kumutafuta."

Mimi nikamuuliza: "Papa dreva, mukubwa wangu alikuwa karani wa biro, wa kukaa ofisini. Karani anatafuta nini ndani ya shimo?"

Dreva akaangalia matairi ya kamyo yake. Hilo njo swali langu, na tangu siku ile ningali ninangojea muntu wa kulijibu.

Wacha nirudi nyuma, musije mukafikiri mukubwa wangu alikuwa viatu tu.

Kwetu, muntu akienda kusema kesi mbele ya wazee, anabeba vijiti. Kila neno lake zito, anaweka kijiti kimoja chini mbele ya mushitakiwa. Mushitakiwa akijibu neno lile, anakiokota. Asipojibu, kijiti kinabaki chini, na kesi haijaisha, hata kama wazee wamekunywa pombe yao na kurudi nyumbani. Papa yetu alikuwa fundi wa vijiti. Watu walitoka vilima vya mbali kumuita aje kuwasemea.

Mukubwa wangu alijifunza akingali mudogo kabisa. Tukitumwa kulima maharagi, alinikalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, ananiita juji. Kesi ilikuwa moja siku zote, mbuzi ya nyanya yetu iliyoingia shamba.

"Muheshimiwa juji, huyu mbuzi si mwizi. Alikuta mulango wazi, akafikiri ameitwa."

Kisha anaruka upande wa pili, anasemea maharagi: "Juji, sisi maharagi tuko yatima. Tulimea hapa bila kusumbua muntu!"

Mimi ninacheka mupaka ninaanguka kwenye kinu. Naye anakasirika: "Juji hacheki! Juji akicheka, tunamulipisha kuku!"

Mimi walinitia kwa masere, wale masista wa misioni, muda mufupi tu, nikajifunza kushona na kusoma kidogo, kisha mama akanirudisha kwa sababu mikono ya kulima ilikosekana. Mukubwa wangu alipokuja likizo alinifundisha yaliyobaki, kwa makaa, juu ya mulango wa jikoni. Mama alifuta, sisi tukaandika tena. Musomaji ukikuta makosa humu, ujue nilisomea kwenye mulango.

Yeye alienda mbele, mupaka shule kubwa ya Leta, serikali ya Wazungu, kule walifundisha vijana kazi ya tribinali, yaani sheria, kusikiliza kesi na kuandika hukumu. Alirudi miaka michache mbele ya uhuru, amevaa koti na viatu vile. Kilima kizima kilitoka kumulaki. "Grefye amefika! Grefye yetu amefika!" Grefye njo karani wa tribinali, yule anayekaa karibu na juji. Wamama walishika koti lake kama kitambaa cha altare.

Lakini alifika wakati mubaya. Bei ya bati na ya kahawa ilikuwa imeanguka kule Ulaya, Wazungu wanalia, Leta haichukui tena watu wapya. Wenzake waliomaliza naye walitawanyika. Mumoja aliuza chumvi sokoni. Mwingine alipata kazi ya kupika kwa muzungu, na mukubwa wangu alisema yule anasomea masufuria vifungu vya sheria, na masufuria hayajawahi kumubishia.

Kwetu nafasi moja ilikuwa wazi kwenye tribinali. Sefu, mutawala wetu, akamupa mukwe wake, muntu aliyesoma hukumu kwa kidole na bado akaruka mistari. Ninasema wazi: sefu njo alifanya hivyo. Watoto wake wako hai. Wakitaka kukasirika, wakasirike.

Basi jamaa ikakaa kuamua mutoto wetu aliyesoma sheria afanye nini.

"Awe katekista," mama akasema. "Katekista hakosi kuku."

"Kuku ya watu wengine!" mujomba akajibu. "Aende kwa muzungu wa pareto, akapime maua."

Papa akapiga goti lake: "Nilimupeleka kusoma sheria, aje kupima maua?"

Mukubwa wangu akamupooza: "Papa, ni kazi nzuri. Maua hayakati rufaa."

Tukacheka, hata papa. Akaenda kwenye pareto. Kila jumamosi alirudi na macho mekundu, anapiga chafya, vumbi la maua limejaa kwenye koti. "Juji," akaniambia, "nilienda kutafuta kesi, nimepata mafua." Muzungu wa pareto naye akapunguza watu, na mukubwa wangu alikuwa wa kwanza kutolewa, kwa sababu wenye kusoma walionekana wanauliza maneno mengi.

Njo ikaja habari kwamba machimbo ya bati upande wa Walikale yanatafuta karani. Mama alikataa. Mbali, musitu, mvua isiyokauka.

"Mama, musitu hauna mukwe wa kuupa kazi yangu," akasema.

Nilimubebea sanduku mupaka mutoni. Alivuka amevua viatu, ameviweka kichwani juu ya kofia, anatembea kama askofu. Kule ngambo akapiga kelele: "Juji! Ulinde tribinali mupaka nirudi!"

Alirudi mara moja, na samaki wa chumvi, na kitenge cha mama. Alisema watu wa musitu walimupenda, walimufundisha kula uyoga ambao kwetu tunauogopa, naye jioni anawasomesha. Kisha akaacha kucheka. Akasema miti inayoshikilia udongo ndani ya shimo imeoza. Bei ya bati imeshuka, na muzungu mukubwa wa machimbo hataki kukata miti mipya. Wachimbaji wanakuja kwenye dirisha lake: karani, wewe unajua sheria, utusemee.

"Yaya, kaka yangu, uko karani," nikamuambia. "Andika majina yao, ukule mushahara, unyamaze."

"Juji gani huyu anakata hukumu mbele ya kusikia kesi?" akanivuta sikio. Alipoondoka, nilimuona anavunja vijiti kwenye lupango ya papa, uzio wa nyumba yetu, anavitia ndani ya koti.

Yaliyofuata tulielezwa na muchimbaji mumoja wa Walikale, aliyefika kwetu kwenye kilio na alikuwa ameona kwa macho yake. Mukubwa wangu alienda kwenye baraza ya muzungu, mbele ya wachimbaji wote. Akaweka kijiti: miti imeoza. Akaweka kingine: maji yanaingia. Akaweka kingine: anayekataa kushuka anafungwa.

Muzungu akamuuliza kapita, musimamizi wa wachimbaji, "Hivi vikuni ni nini?"

Kapita, muntu wa kwetu, akamueleza: "Anakuita kwenye kesi, Bwana. Usipookota, watu watasema umeshindwa."

Muzungu akacheka, akavipiga teke. Kwetu hakuna muntu anayepiga kijiti teke. Hata mulevi anavizunguka. Mukubwa wangu akafanya kile tulichofundishwa: akapiga goti, akavikusanya, akaviweka tena palepale, akangojea. Hapo njo alikosea. Alimufanya yule muzungu kuwa muntu wa vilima vyetu, muntu mwenye haya mbele ya kijiti. Papa yetu angefanya vilevile.

"Unajua shimo kuliko mimi?" muzungu akasema. "Haya. Shuka, ulipime, uniletee jibu."

Mukubwa wangu akavua viatu. Kapita akamuletea taa.

Walimupata, wakamuzika kulekule. Papa alitembea mupaka Walikale. Bwana administrata, aliyetumwa na Leta kuchunguza, alikuwa amekwisha kunywa chai kwa muzungu wa machimbo na kuondoka bila kuuliza muchimbaji hata mumoja. Papa alimufuata mupaka biro yake. Wakamujibu kwenye mulango kwamba ni kazi ya Mungu. Papa aliyewasemea watu wa vilima vyote alirudi nyumbani, na hakushika tena kijiti.

Mimi nilibaki. Nimezika papa, nimezika mama na vile viatu pembeni yake, nimekimbia vita, nimerudi. Sefu alikufa kitandani mwake. Administrata na muzungu walirudi kwao, pengine wako na wajukuu wazuri. Majina yao ninayajua, siyaandiki, nao wanajijua.

Lakini wewe kapita haukwenda mbali. Uko na duka sasa. Ninanunua sabuni kwako, unanisalimia, "Dada, habari ya kwenu?" Unanichagulia kipande kikubwa. Kesi yangu ni hii: ulijua kijiti ni nini. Muzungu hakujua, wewe ulijua. Ulijua shimo limeoza, ukaleta taa, ukainua mukono kumuangazia njia. Neno moja ungesema mbele ya wale wachimbaji wote, ao ungezima tu ile taa. Kwa nini hukusema? Ulipewa nini, ao uliogopa nini?

Juma hili nitakuja dukani, muchana, watu wakiwa wengi. Sitanunua kitu. Nitaweka kijiti chini mbele ya meza yako, na nitakaa nje, kwenye kinu nitakachobeba mwenyewe.

Uokote.